Mshono Usio na Moshi

Mjomba Kiilu alichomelea mageti Kariobangi
miaka ishirini na sita, miwani ya jua usoni,
na usiku akijibandika vipande vya viazi machoni
huku akiutukana moto kama mdeni sugu.
Kwake kazi ilikuwa cheche, moshi,
harufu ya rangi ya jana ikiungua.
Alipokuja kunitazama, Barabara ya Lunga Lunga,
alisimama mbele ya mashine yetu, akangoja.
"Mnaanza saa ngapi?"
Nikamwambia, "Tumemaliza."

Humu hakuna moto wa kuwaonyesha wageni.
Kuna sanduku la chuma lenye kuta nene kama za benki,
pampu zinazonyonya hewa dakika arobaini
hadi isibaki hata pumzi ya kuzimia kiberiti,
na kidirisha cha kioo chenye risasi, kidogo kama kitabu cha sala,
ambamo unaona nukta nyeupe ikitembea
pole, mpakani mwa bamba na bamba,
wala haisemi kitu.
Lakini inazama, nukta hiyo.
Chuma cha unene wa vidole viwili
inakipenya mara moja tu,
kama kijiti cha kupimia keki.

Januari tuliunda pipa la mvuke
la hospitali moja kule Machakos,
la kufulia shuka, la kuchemshia mikasi ya wakunga.
Mshono wa kifuniko ulikuwa wangu.
Ulitoka, niseme nini,
ulitoka kama njia ya kitana cha msusi
anayekijua kichwa chako kukuliko.
Nikaupiga picha. Nikamtumia mama.

Jumatano akaja mkaguzi, Bi. Khayanga,
miwani imening'inia kwa kamba ya kiatu,
akainua filamu ya eksirei kuelekea taa.
"Njoo uone unywele wako."
Nikauona. Mstari mmoja, mwembamba, mnyoofu,
chini kabisa, jicho lisikofika,
ambako bamba na bamba zilikuwa bado
majirani wasiosalimiana.

"Ulizishikilia kwa nini?"
Kwa sumaku. Ile nyekundu.
Zawadi ya mjomba siku niliyoajiriwa.

Mwale ule hauna uzito wa kubishana na sumaku.
Hata masalio yake, yaliyolala ndani ya chuma,
yakiuita, unageuza shingo
kama mtu aliyesikia jina lake Gikomba.
Juu ulikuwa kwenye mstari.
Chini ulikuwa umeshakwenda zake.

Bwana Ngatia, mwenye karakana, akasema
kila siku ya kuchelewa ni faini,
na rangi ipo, ya fedha, makopo mawili,
na huko chini nani ataingia kuchungulia?
Bi. Khayanga alikuwa anakunja filamu zake.
"Zamu ya usiku, kule kwenye dobi, anafua nani?"
"Nitajuaje?"
"Hata mimi simjui," akasema.
"Ndiyo maana."
Chai ya Ngatia ilikuwa imeota ngozi.
"Kateni," akasema, bila kututazama.

Tulikata. Tukaiondoa sumaku kwenye chuma,
tukapima, tukapima tena, nikashona upya
na safari hii sikupiga picha.
Kisha tukalijaza pipa maji hadi kooni
na kulisukuma nusu zaidi ya shinikizo lake la kazi,
kwa maji, maana maji hayana kinyongo:
yakishindwa yatatoka yakilia tu.
Mvuke huweka kisasi.

Nusu saa. Mshale wa geji.
Muuza chai aliyefuata deni la thamosi
naye akasimama, akaunyamazia ule mshale
kama anamsubiri daktari atoke.
Haukushuka.
Bi. Khayanga akapitisha karatasi kavu mshono mzima,
akaiinua, kavu,
akachukua nyundo na muhuri wake,
na hiyo ndiyo kelele pekee pipa lile lilisikia kwetu:
kigongo kimoja kwenye kibati.

Jioni mjomba akapiga simu kuulizia sumaku,
kama inanifaa.
Nikasema ipo, nimeihifadhi vizuri,
nyumbani, mlangoni pa friji,
imeshikilia risiti ya stima.