Sababu ya Safari

Kwenye dirisha la tiketi, stesheni ya Tabora,
kijana aliniuliza bila kuinua uso:
"Pole, mama. Nani katutoka?"
Nikasema, hakuna.
Akainua uso.

Sisi tuliozaliwa kabla ya bendera
hatukuwahi kusafiri bure bure.
Nilikwenda Nzega kumzika baba.
Nilikwenda Mwanza na Shija mgongoni, moyo wake una tundu.
Nilikwenda Mpanda kwa uhamisho, kwa waranti ya serikali:
vitanda viwili, cherehani, kuku saba,
na mume aliyehesabu mizigo upya kila kituo.
Safari ilikuwa na muhuri
au ilikuwa na sanda.

Mihambo alikuwa akisema, tukistaafu.
Kiinua mgongo chake kikatoka,
kikaezeka bati nyumba ya mama yake,
kikamlipia Mbula mwaka wa mwisho wa chuo,
kikabaki cha kununulia redio,
na redio hiyo ndiyo iliyotangaza msiba wake.

Changu nilikipeleka benki, kikarudi pindoni, kikarudi benki.
Miaka thelathini na tatu, wodi ya wazazi, Kitete.
Nusu ya mji huu kofi la kwanza nimelipiga mimi.

Shija akapiga simu kutoka Dodoma:
"Mama, panda ndege, nalipa mimi."
Nikamwambia ndege haisimami Usoke.
"Usoke kuna nini?"
Kuna karanga za kuchemsha, mwanangu,
na mtu wa kubishana naye bei.

Daraja la kwanza.
Niliandika nauli kwenye daftari
kisha nikaifunika kwa kiganja, kama vile Mihambo angechungulia.
Shuka nyeupe. Kitasa cha kufungia kwa ndani.
Sikulala. Ningelalaje
na pesa yote ile imetandikwa chini yangu?

Kaliua, usiku: asali, chupa mbili.
Nguruka: samaki mkavu. Nikaikataa bei,
treni ikavuta, nikaikubali,
noti ikatoka dirishani, samaki akaingia,
chenji ikabaki inakimbia na mtoto kando ya reli
hata pumzi ikamwishia.
Nayo imo daftarini: *chenji, Nguruka, nimesamehe.*
Uvinza sikununua chumvi.
Ninayo.

Kigoma. Nyumba ya wageni, juu ya Bangwe.
Msichana akanifungulia kitabu kikubwa chenye safu:
jina, utokako, uendako, sababu ya safari.
Walionitangulia wameandika kazi,
biashara, kazi, matibabu, kazi,
msiba.
Kalamu imefungwa kwa uzi. Nikaishika
hata msichana akaona haya kwa niaba yangu:
"Nikuandikie, bibi?"
Nikaandika mwenyewe, kwa mwandiko wa faili za wodi:
*kutazama maji.*

Nilichukua chumba cha bei ya juu, chenye baraza na viti viwili.
Nimelipia vyote viwili.
Kimoja nimekalia. Kingine nimekiwekea daftari.

Asubuhi wakaniletea mgebuka mzima ndani ya mawese.
Mkono ukauendea mkia ili uukate, umwekee mtu.
Nikauzuia.
Nikamla mkia, nikamla tumbo, nikamla kichwa,
nikamnyonya jicho,
na ng'ambo kule milima ya Kongo
ilikuwa ikitoka kwenye ukungu polepole,
kama nguo inayoanuliwa.
Ziwa halikunifanyia lolote.
Lilikuwepo tu, na mimi nilikuwepo,
na hakuna aliyekuwa akilia.

Simu ikaita. Mama Kasanda, jirani yangu wa Ng'ambo.
"Umefika salama?"
Nimefika.
"Poleni sana huko. Mazishi saa ngapi?"

Nikatazama maji. Nikatazama kile kiti kingine.
Nikamwambia,
bado hayajapangwa.