Mguu Haujasahau

Pale Mutindwa, kwenye steji yetu ya mabati matatu,
usiulize siasa, hiyo tumeizoea.
Usiulize nani alifungwa jana.
Uliza pikipiki gani ni bora,
halafu vaa helmeti.

Ombasa anaapa kwa TVS
kama mtu anayeapa kwa kaburi la babake:
"Huyu ni farasi. Hajui kilima."
Shikuku, mwenye Honda ya mkopo,
anacheka kwa pua
na kusema sisi wengine tumepanda majiko.

Mimi nilikuwa wa Boksa.
Sikusema kwamba naipenda. Nilisema tu
spea zake utazipata hata Kyuso, dukani,
kati ya sabuni na mishumaa.
Nilisema inakunywa mafuta kama mgeni mwenye adabu.
Lakini alfajiri, kabla sijanawa uso,
niliipangusa tangi kwa kitambaa
kilichokuwa zamani shati langu la harusi.

Miaka saba.
Ilibeba mitungi ya gesi, magodoro, kioo cha kabati,
jogoo aliyefungwa miguu
akinitazama kwa jicho moja hadi Donholm.
Ilibeba mama mwenye uchungu kwenda Mama Lucy, usiku wa mvua,
naye akinishika bega: "Polepole, lakini haraka."
Tulipoanguka tulianguka wawili.
Tulishonwa wiki moja, mimi na kiti.

Kisha mafuta yakapanda. Yakapanda tena.
Nikapiga hesabu nyuma ya risiti.
Kalekye akaitazama, hakusema neno,
na kutosema kwake kukawa ndiyo jumla.

Nikaiuza kwa kijana wa Ruai.
Akabana breki, akapiga honi, akatafuta kasoro.
Kasoro nilimwonyesha mwenyewe, zote,
kama mzazi anayempeleka mtoto bweni:
asubuhi ya baridi usiilazimishe,
vuta choki, ngoja kidogo, ongea nayo.
"Niongee nayo?"
Basi, nikasema, wewe vuta choki tu.

Sasa ninayo ya umeme.
Nyeupe, safi, haina harufu wala hasira.
Betri ikiisha nabadilisha kama soda,
chupa tupu kwa chupa iliyojaa.
Pesa inabaki mfukoni, sitadanganya.
Ombasa ananiita Blenda.
Nimezoea. Mguu ndio haujazoea:
kila asubuhi unanyanyuka
kutafuta kiki ambayo haipo,
unakanyaga hewa,
unarudi chini polepole
kama mtu aliyempungia mkono asiyemjua.

Hilo ningelivumilia.
Ila kuna Mwende, miaka mitano.
Boksa ilikuwa na kikohozi chake
pale kona ya fundi viatu,
ikishuka gia ya tatu kuja ya pili,
naye kitandani, macho yamefumba, angesema, "Baba,"
na Kalekye angeondoa komeo
kabla sijazima injini.
Miaka saba sikuwahi kubisha hodi kwangu.

Jana nilifika saa tano.
Nilipita kona ya fundi viatu kama wazo.
Hata mbwa wa jirani hakuinua sikio.
Nikasimama mbele ya mlango ninaoulipia kodi,
funguo nimeiacha ndani,
mikono imejaa mkate na maziwa,
nikagonga kwa kiwiko.

"Nani?" Sauti ya mtoto.

Jina langu ninalo. Nililitafuta, likachelewa.
Nikajikuta nimevuta pumzi,
nimekunja midomo,
mtu mzima, gizani, peke yangu:
kuh. Kuh-kuh. Tututututu,
ya tatu, ya pili,
na ile kwikwi ya mwisho kabla ya kuzima.

Kimya.
Halafu miguu midogo sakafuni, mbio,
na mtu akisukuma kiti
ili alifikie komeo.