Herufi za Kuazima

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne. Feni imekufa.
Nachoma mfumo endeshi kwenye diski ya kumi na moja,
na juu ya kila kasha naandika kwa wino mzito:
NAKILI. FUNGUA. MPE JIRANI.
Hauna kufuli huu, hauna bwana.
Kesho unakwenda Makorora, kwenye kompyuta za msaada
zilizofika shuleni na vumbi la ofisi za watu.

Mwalimu Semkiwa kaingia na mtihani wa muhula.
Aliuandika kwenye mashine ya wilaya, ukapendeza;
kaufungua kwangu, ukavunjika.
Swali la saba limeangukia ukurasa wa pili,
"Jina la mtahini" huku, "wa" kule,
mistari ya majibu imetawanyika kama siafu waliomwagiwa maji.
"Mashine yako haijui kusoma?"
Inajua, mwalimu. Haina zile herufi.
"Basi zitie. Herufi ni herufi.
Nani anamiliki a?"

Hatibu keshazileta, ziko kwenye flashi, mfukoni.
Anasema watu hawali uhuru,
wanataka cheti kikae ukurasa mmoja.
Na kweli.

Lakini leseni yake nimeisoma, kurasa tisa, usiku, kwa kamusi.
Inasema tumia. Inasema chapa, furahi.
Haisemi mpe jirani.
Mwenyewe hajanikataza a;
amenikataza ule mkunjo wa tumbo la a
na faili lililoubeba.
Nikizitia humu, maneno yangu juu ya kasha ni uongo:
nimewapakulia watu pilau
na chini ya sinia nimeficha deni la duka,
na atakayekuja kudaiwa ni mtoto wa Makorora
asiyejua hata kama alikopeshwa.
Wahenga walishasema, cha kuazima hakisitiri...
simalizii, mwalimu yupo.

"Kwa hiyo watoto wafanye mtihani uliovunjika," kasema Hatibu,
"ili wewe ulale na moyo safi?"
Hapo alinipata. Sikumjibu.

Usiku nikatoa rula.
Sura ina mwenyewe; upana hauna.
Kama m yao inakula nafasi kiasi hiki, na yangu ile hichohicho,
mstari utakatika palepale,
swali la saba litarudi kwao.
Fundi nguo akikupima kiuno hajakuiba mwili.

Na sura nilijua pa kuitoa.
Baba, Mhina Kilua, aliandika vibao vya mji huu:
BUCHA LA MBUZI. FUNDI SAA. Usikojoe hapa tafadhali.
g yake ina mkia wa mjusi aliyeshtuka,
ng' yake kapachika nukta juu, kama nzi kwenye sukari guru.
Vimebaki vibao vitatu, kimoja kinazuia kuku wasitoke.
Nikavifuata ukingo kwa ukingo.
Ile kesho ya Makorora ikawa mwezi.

Mtihani ukafunguka. Swali la saba likakaa.
Mwalimu kafurahi, kashuka nao, mpaka hisabati:
Tafuta thamani ya □.
Kiboksi. Kitupu.
Baba hakuwahi kuandika x.
Nani hapa Ngamiani angemwagiza x?
(Wala q. Lakini q haijaja kudai.)
Hatibu kacheka mpaka kakaa chini.
"Azima hiyo moja tu, jamani."

Jioni nikaenda kwenye duka la baba, lililofungwa.
Ukutani ipo.
Nyekundu, mapigo mawili ya brashi, rangi imechuruzika,
waliipiga watu wa barabara mwaka ule wa mwisho wake.
BOMOA imeshafutika, hiyo imebaki.
Hakuna aliyeitia sahihi.
Baba aliitazama kwa jicho la kazi, akasema tu:
"Mkono wa haraka huu."

Nimeipima. Mguu wa kushoto umeuzidi wa kulia;
nimeuacha hivyo.
Sasa inakaa kati ya w na y,
upana uleule waliouzoea wilayani,
na asubuhi hii darasa zima la Makorora
limeinama, linaitafuta.