Ujumbe Mmoja

Maabara ya breki, Ostrava, Januari.
Kompyuta nane mezani, moja kwa kila behewa
la treni ambayo bado haijaundwa,
nyaya za manjano zikizishika
kama wagonjwa wanaogawana dripu moja.

Drahomíra hataki kuambiwa wastani.
"Wastani," asema, "ni blanketi:
limefunika wote,
miguu ya mmoja iko nje kwenye theluji."
Anamtaka huyo mmoja.
Wa mwisho kabisa, aliyefika na kiatu kimoja.

Milisekunde tano. Si sita.
Jibu sahihi likija katika ya sita
si jibu tena, ni maiti ya jibu.
Na haraka hapa haina sifa:
anayewahi husimama mlangoni
mpaka zamu yake iitwe.

Siku nne tukazitesa.
Tukakata waya, tukamwaga kelele, tukaua moja
tuone kama saba zitakubaliana
bila kukaa matanga.
Jumbe milioni mia tano na ushei
zikafika kwa zamu.

Mmoja haukufika.
Usiku wa tatu, saa nane na dakika kumi na mbili,
kompyuta ya saba,
robo ya milisekunde.
Hata kope haijaanza kufikiria kushuka.

Mimi ningeandika: bahati mbaya.
Mmoja katika milioni mia tano, nani atalia?
Drahomíra akavua miwani.
"Atakayelia," akasema, "ameshanunua tiketi."

Tukafungua daftari la zamu.
Zamu ilikuwa yangu.

Nikakumbuka sigara. Dirisha.
Baridi ya nyuzi kumi na nne chini ya sifuri
ikinipita begani bila hodi
hadi kwenye kijiwe kinachoipigia saa ile ya saba,
nacho kikaanza kuhesabu
kama mlinzi anayesinzia,
na wenzake wakaondoka bila yeye.

Sikusema mara moja.
Pumzi ya kwanza. Ya pili.
Kimya changu pekee
kilikula milisekunde elfu tatu.

"Ni mimi, Drahomíra. Nilivuta pale."

Hakunikaripia.
Kwenye ripoti akaandika neno moja: *dirisha*.
Kisha akaenda akalifungua, lote,
theluji ikatua juu ya karatasi zetu,
akapandisha kola ya koti.
"Anza upya. Siku nne."

Na treni yetu isiyo na magurudumu
ikaanza kufunga breki
ndani ya baridi.