Mpeleka Salamu

Ilianza na honi.
Saa nane usiku, Limbani yote imelala,
pikapu ikalia peke yake uani, mlio mmoja mrefu,
kama mtu aliyekumbuka jambo.
Nikatoka na kanga na tochi ya simu.
Waipa zinafuta kioo kikavu.
Indiketa inasema nakata kushoto,
na kushoto ni ukuta wa Bi Chumu.

Bi Chumu alikuwa na jibu kabla ya chai:
"Mize, hilo si gari tena. Marehemu ana neno lake.
Lifukize."
Nikalifukiza. Ubani haujamtia mtu hasara.
Usiku ule likateremsha vioo vyote vinne
mvua ikaingia ikakaa kwenye siti kama abiria.

Fundi Shaame hakuuliza habari za marehemu.
Aliuliza: "Umepakia mwani mbichi humu?"
Miaka sita, nikasema, kutoka Kiuyu,
magunia yanachuruzika,
siku nyengine mpaka siti ya nyuma.
"Basi," akasema, akaenda kunawa mikono.

Akachomoa betri, hasi kwanza,
akakaa kitako akala kisheti kizima bila haraka.
Umeme nao, alisema, uache ukate roho taratibu.
Kisha akalala chali chini ya deshibodi,
miguu nje, ndara moja imefungwa kwa waya,
na soketi zikawa zinalia moja moja: ka. Ka.
Ya tano ilikataa. Akaibembeleza kwa bisibisi na Bismillahi.

Akaniwekea mkononi kisanduku cheusi,
ukubwa wa juzuu, wepesi wa kuchukiza.
Kifuniko kilipotoka, ndani mmeota kijani,
kutu imetambaa juu ya njia za shaba
kama mwani juu ya kamba.

"Injini yako nzima. Gia nzima. Taa nzima.
Aliyeugua ni huyu, mpeleka salamu.
Wewe unasema taa, yeye anafikisha honi."

Nikacheka. Kisha sikucheka.

Mwaka wa mwisho Ngwali alikuwa hivyo.
Akitaka maji, anasema mlango.
Akinitaka mimi, anataja jina la mamake.
Na mikono ile ile, inayobeba magunia mawili kwa mpigo,
na macho yananitazama mimi, si mwengine.
Nami namkaripia: sema unachotaka, Ngwali, sema!
Wakaja wa kusoma, wakaja wa kupunga.
Hakuna aliyenambia habari ya mpeleka salamu.

Kisanduku chengine kilivuka bahari kutoka Dar
kimeviringishwa nailoni, laki tatu na nusu,
pesa ya msimu mzima.
Kimeng'olewa gari gani, lilipatwa na nini, sikuuliza.
Shaame akasoma namba za kibandiko mara tatu,
ya zamani, ya mpya, ya zamani,
na kijana wake Muhene akafungua laptopu juu ya boneti
akalifundisha gari upya kama mtoto wa chuoni:
huu ndio ufunguo wako. Huu ndio mlango.
Ukiguswa hapa, jibu hapa.

Sasa linatii.
Ila likifika mwendo wa ishirini, milango yote hujifunga, ka!
desturi ya mji ambao sijaufika.
Muhene anasema inafutika, dakika mbili tu.
Nimemwambia aiache. Kila mgeni huja na yake.

"Limehama?" Bi Chumu ananiuliza juu ya ukuta.
Limehama, nikamjibu. Nilikuwa na unga mikononi.

Usiku, saa nane, niliamka mwenyewe.
Uani kimya. Vioo juu, waipa zimelala.
Nikasimama pale na kanga yangu, nasubiri sijui nini,
kisha nikatia mkono dirishani
dirisha limefungwa,
nikarudi ndani kuchukua ufunguo,
nikafungua, nikabonyeza honi.
Mara moja. Fupi.

Taa ya Bi Chumu ikawaka.