Kwenda Penye Asili

Saa nne asubuhi, ghorofa ya pili, Gadeni,
feni inakoroma, umeme bado upo.
Naweka kishale juu ya neno somaMita,
nabonyeza vidole viwili kwa pamoja
(nipeleke lilikozaliwa)
na kihariri kinanitua
kwenye mstari mtupu,
baina ya mabano mawili yasiyokumbatia kitu.

Nabonyeza tena. Palepale.
Mstari wa mia mbili na kumi na nne.

Najua faharasa huchakaa.
Naifuta, naiamuru ijengwe upya:
faili la kwanza, la pili, la mia na tisini,
hesabu inapanda mbio
kama mita ya msikiti siku ya Ijumaa.
Imekamilika, inasema.
Nabonyeza.
Mia mbili na kumi na nne.

Hapo nikaanza kutukana kwa adabu,
yale matusi ya nyanya yangu yasiyotaja mama wa mtu.
Nikazima programu-jalizi mojamoja,
ya rangi, ya tahajia, ile inayojifanya kufunga mabano,
nikawa fundi bomba anayefunga koki za mtaa mzima
kusaka nyumba moja inayovuja.
Nikabaki na kihariri kitupu, cheusi ti.
Nikauliza.
Kikajibu lilelile.

Chai ilikuwa imeshafanya utando.

Ndipo nikauliza swali lililostahili kutangulia.
Sikusema tena, somaMita liko wapi?
Nilisema: na wewe, umesoma wapi?
Kikanionyesha njia, folda kwa folda,
kinapanda ngazi moja juu ya mradi,
na huko juu, kabla hakijaigusa faharasa yangu mpya,
kinakutana na nyingine, kuukuu,
imelala ndani ya folda iitwayo
nakala_usifute.

Usifute! Nani kasema?
Mimi.
Usiku ule umeme ulikatika mara tatu,
nikaogopa diski itakufa na bili za maji za mji mzima,
nikanakili kila kitu gizani,
nikakiagiza: kabla ya kutazama hapa, tazama juu.
Kikatii. Miezi saba kinatii,
na tangu nilipoanza kuhamisha mistari
kinanifikisha kwa uaminifu wote
mlangoni pa nyumba niliyokwisha kuihama.

Nikafuta mstari mmoja wa mipangilio. Herufi kumi na nane.
Nikabonyeza,
na somaMita likatokea, mstari wa tisini,
limevaa maelezo yake kichwani, nayo pia yangu:
usiamini tarakimu ya mwisho, mita za Langoni hunata.

Nilitaka kumwambia mtu. Hapakuwa na mtu.
Kisha chini mlango ukabishwa:
Famau, msoma mita, zamu yake ya kwanza upande huu,
daftari kwapani, jasho limemlowesha mgongo.
"Ndia hii yenda kwa Mwana Hashima?"

Mwana Hashima alizikwa kabla sijazaliwa.
Nyumba ikauzwa, ikapangishwa, ikapakwa rangi ya waridi;
sasa anakaa fundi wa simu
na mkewe kutoka Garsen,
na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona huyo bibi.

Nikatoa kichwa dirishani.
"Kushoto, penye daka lililomeguka."

Akaenda.
Baada ya kitambo nikasikia kifuniko cha mita kikifunguliwa.