Ndege wa Yaren

Walianza ndege wenye manyoya.
Walikunya hapa, wasemavyo wazee, miaka isiyo na hesabu,
kinyesi kikawa jiwe, jiwe likawa mbolea
ya ngano ya watu tusiowajua.
Meli zikabeba. Bibi yangu akapata hundi,
akanunua gari, akaacha kutembea.
Nauru ikakonda katikati, ikabaki mifupa ya matumbawe.
Sisi tukanenepa pembezoni.

Mwili haujengwi kwa matofali, tulisema,
na kuongeza sahani:
wali, nyama ya kopo, mikia ya bata mzinga inayotiririka mafuta,
soda ya machungwa, baridi hata kifua kinauma.
Tukimwona mtu kapungua, tulimuuliza nani kafa.

Kaka yangu Deiradi alikuwa na kilo mia moja hamsini na tatu
na kicheko kilichovuka barabara.
Alikanyaga mwiba wa samaki, hakusikia.
Hilo neno, hakusikia, ndilo lililotutisha baadaye.
Kwanza kidole. Kisha vidole. Kisha mguu, chini ya goti,
Alhamisi, saa nne asubuhi, mvua ikipiga bati la hospitali.
Mguu tuliuzika Buada, karibu na mama.
Sijui sala ya kuzikia mguu.
Nilisoma ile ya kubariki chakula.

Mwezi uliofuata nesi Lavenia, Mfiji asiyependa mzaha,
alinichoma kidole, akatazama kijimashine,
akanyamaza muda wa kuchemsha chai.
“Unakaa saa ngapi kwa siku?”
Nilidhani angeuliza ninakula nini; jibu la hilo nilikuwa nimeliandaa.
Nikahesabu: dawati la posta, gari, kochi.
Nilikuwa nimekaa miaka ishirini na sita.

Ndiyo maana jioni, jua likilegeza meno,
nipo hapa nikiizunguka njia ya ndege
pamoja na wa Boe, wa Aiwo, wa Meneng,
kwa kuwa ndiyo ardhi ndefu iliyonyooka tuliyobakiziwa.
Siku ya kwanza nilifika nguzo ya tatu, nikaketi chini.
Mapaja yalichubuana hadi damu.
Mpwa wangu Eiyamwe alinipaka mafuta ya nazi,
hakucheka,
nami nikaona aibu kuliko angecheka.

King'ora. Kizuizi kinashuka barabarani.
Tunasimama sote, wanene, wembamba, mbwa pia.
Ndege wa chuma anapita, anatupumulia moto usoni.
Tumboni mwake: soda, keki, maziwa matamu,
na kwenye sanduku la barafu, insulini.
Ugonjwa na dawa, safari moja.
Wale wa kwanza walituachia mavi tukatajirika.
Huyu sijui nimwiteje.
Kizuizi kinapanda. Tunaendelea.

Leo Lavenia kanipima. Mizani haikutikisika:
kilo mia moja kumi na nane, zilezile za Krismasi.
Koo likanibana. Akageuza kijimashine nikione:
sukari ilikuwa kumi na tatu, sasa nane.
“Msuli unaotembea unakula sukari,” alisema,
“hata mizani ikikunyima sifa.”
Nguo hazijui. Majirani hawajui.
Damu inajua.

Nikarudi nyumbani kuchukua viatu.
Deiradi alikuwa mlangoni, kofia kichwani,
mikono juu ya magurudumu.
“Na hiki kiti kinataka kutembezwa,” akasema, akitazama pembeni.

Namsukuma. Lami mbovu, upepo wa mbele,
jasho linaingia machoni, na yeye ni mzito kama deni.
Anahesabu nguzo kwa sauti ili nipate moyo.
Tano. Sita. Saba. Tisa.
Mwongo, karuka moja.
Nakigeuza kiti, tunarudi hadi ya saba.